Kagua Kwato Kabla ya Kufunga Nira

Mvua za kwanza zinaponyesha Bariadi, kila mwenye plau anakuwa na haraka. Udongo mweusi wa mbuga una siku chache tu za kulimika. Ukiwa mkavu plau haizami. Ukishiba maji unanata kwenye chuma na kuzamisha miguu ya ng'ombe. Maksai akianza kuchechemea ndani ya siku hizo chache, jozi nzima imesimama, maana nira haivutwi na ng'ombe mmoja. Mwenye jozi moja anaanza kuzunguka kijijini kuomba maksai wa kuazima wakati ambao kila mwenye maksai yuko shambani kwake. Pamba inachelewa kupandwa, na msimu ukishaanza kwa kuchelewa haurudishwi nyuma.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo inazuilika. Ng'ombe ni mnyama anayeficha maumivu. Anavumilia mwiba, anavumilia ufa, anavumilia usaha unaojikusanya ndani ya ukwato, mpaka siku anaposhindwa kabisa kukanyaga. Sisi tunaiona siku hiyo na kusema ameumia leo, kumbe mara nyingi alianza kuumia wiki kadhaa zilizopita. Ushauri wangu katika makala hii ni mmoja, na mengine yote yanautumikia: kagua kwato wakati ng'ombe bado anatembea vizuri, fuata utaratibu uleule kila mara, na uandike ulichokiona.

Funzo kutoka kwa watunza tembo

Watu wa Meatu, Itilima na Bariadi ni majirani wa tembo. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa viko mpakani mwetu, na wenye mashamba ya kando wanamjua mnyama huyo kwa hasara na kwa hofu. Tembo wa porini anatembea kilomita nyingi juu ya mchanga, matope, nyasi na mawe, na mwendo huo unasaga kucha na nyayo zake kadiri zinavyoota. Tembo wanaofugwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani hawana bahati hiyo. Kwa miaka mingi wengi wao wamesimama juu ya sakafu ya saruji, wakitembea kidogo, wakinenepa, na wakati mwingine wakikanyaga kinyesi na mkojo wao wenyewe. Kucha zikarefuka na kupasuka, nyayo zikafanya mifuko ya uchafu, majipu yakapenya hadi kwenye mfupa. Magonjwa ya miguu na viungo yamekuwa moja ya sababu kubwa za tembo hao kuuawa kwa huruma.

Kutokana na machungu hayo, watunzaji walijenga nidhamu ambayo mfugaji wa Simiyu anaweza kuichukua bila gharama kubwa. Miguu ya tembo inaoshwa na kutazamwa kila siku, haisubiriwi hadi achechemee. Kila ukucha unapigwa picha kutoka upande uleule ili picha ya mwezi huu ilinganishwe na ya mwezi uliopita. Na tembo anafundishwa, kwa subira na kwa zawadi ya chakula, kuweka mguu wake juu ya kibao au kuupitisha kwenye tundu la uzio ili utazamwe. Mnyama wa tani kadhaa hawezi kulazimishwa. Anatoa mguu kwa sababu amezoeshwa. Ikiwa tembo anafundishika hivyo, maksai uliyemlea mwenyewe tangu ndama hawezi kukushinda.

Ujue mguu unaoukagua

Mguu wa ng'ombe una kwato mbili, wa nje na wa ndani. Kila ukwato una ukuta mgumu unaouzunguka mbele na pembeni, unyayo unaokanyaga ardhi, na kisigino kilicho laini zaidi kwa nyuma. Pale ukuta unapokutana na unyayo pana mstari mweupe mwembamba. Mstari huo ndio mlango dhaifu: changarawe na uchafu hupenya hapo kuliko kwingineko. Katikati ya kwato mbili kuna ngozi tupu, na majeraha ya ngozi hiyo ndiyo chanzo cha ugonjwa wa kuoza kwato.

Ndani ya ukwato mna mfupa, mishipa ya damu na mto wa mafuta unaopokea uzito. Nafasi ni finyu. Usaha ukijikusanya humo hauna pa kutanukia, na ndiyo maana jipu dogo sana linaweza kumlaza dume la nguvu. Ukuta wa ukwato huota kwa wastani wa nusu sentimita kwa mwezi. Kwa hiyo jeraha la juu, karibu na manyoya, linachukua miezi mingi kushuka hadi ardhini na kusagika. Hakuna dawa ya kuharakisha jambo hilo. Kuna kinga, na kuna subira.

Anza kwa macho

Kabla ya kushika kamba, mtazame ng'ombe. Wakati mzuri ni alfajiri, anapotoka zizini kabla hajachoka na kabla jua halijapasha kwato. Chagua ardhi ngumu na tambarare. Kwenye matope kila ng'ombe anatembea vibaya.

Akiwa amesimama, angalia mgongo. Ng'ombe asiye na maumivu anasimama na mgongo ulionyooka na uzito umegawanyika kwenye miguu yote. Anayeumia anapinda mgongo, au anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, au anatanguliza mguu mmoja mbele kuupumzisha. Anayepishanisha miguu ya mbele huenda anaumwa kwato za ndani na anajitahidi kukanyagia za nje.

Kisha mwache atembee hatua kama ishirini, na umgeuze kulia na kushoto. Mpe alama moja kati ya tano. Alama ya 1: mgongo umenyooka akisimama na akitembea. Alama ya 2: umenyooka akisimama, lakini unapinda akianza kutembea. Alama ya 3: umepinda wakati wote na hatua zimekuwa fupi. Alama ya 4: ni dhahiri anauonea huruma mguu fulani. Alama ya 5: hataki kuukanyagia kabisa. Kipimo cha namna hii kinatumika duniani kote kwa ng'ombe wa maziwa, na kwa maksai kinafaa vilevile. Manufaa yake makubwa yako kwenye alama ya 2, ambayo jicho la haraka huipita. Huyo wa alama ya 2 ndiye wa kukaguliwa leo. Wa alama ya 3 na kuendelea asifungwe nira hata kama mvua imenyesha vizuri namna gani.

Ukiona kichwa kinainuka kila anapokanyaga mguu fulani wa mbele, tatizo liko kwenye mguu huo. Akichechemea zaidi kwenye mawe kuliko kwenye udongo laini, shuku unyayo.

Na uwaulize wachungaji. Kijana anayekaa na ng'ombe kutwa nzima anajua nani siku hizi amekuwa wa mwisho kundini, nani analala mapema, nani anaogopa kushuka kwenye ukingo wa lambo. Habari hiyo ni ya thamani kuliko dawa nyingi, lakini haitolewi kama mwenye mji hana desturi ya kuiuliza na kuisikiliza bila kumgombeza mleta habari.

Kumshika bila kumuumiza wala kuumia

Mahali bora pa kukagulia ni kwenye kibanio. Kama kijiji chenu kina josho lenye kibanio, pangeni siku ya kukagua miguu kabla ya kuogesha. Kama hakuna, kibanio cha miti migumu kinaweza kujengwa nyumbani na kutumiwa kwa chanjo na matibabu mengine pia. Mguu wa mbele huinuliwa kwa kamba iliyofungwa juu ya ukwato na kupitishwa kwenye mti wa juu. Wa nyuma hufungwa juu ya kiungo cha nyuma na kuvutwa taratibu hadi ukwato uelekee juu.

Pasipo kibanio, ng'ombe hulazwa kwa kamba. Kamba ndefu hufungwa shingoni kwa fundo lisilokaza, ikazungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha ikazungushwa tena tumboni mbele ya miguu ya nyuma, na kuvutwa kwa nyuma kwa mkono thabiti. Ng'ombe mwenyewe hukunja magoti na kulala. Kwa dume au maksai hakikisha mzunguko wa nyuma haubani uume. Wawepo watu watatu au zaidi, mmoja akishika kichwa muda wote. Ardhi iwe laini, isiyo na mawe wala visiki. Asilazwe akiwa ameshiba sana, na akilala alalie ubavu wa kulia, kwa kuwa tumbo kubwa la kucheulia liko kushoto na likibanwa gesi hushindwa kutoka. Ukaguzi uwe mfupi, na mkimaliza ainuliwe mara moja.

Lakini njia ya tatu ni bora kuliko hizo mbili: kumzoesha. Dume linapoanza kufundishwa nira, lifundishwe pia kushikwa miguu. Kila jioni pitisha mkono kutoka begani hadi chini ya goti, kisha hadi kwenye ukwato. Akitulia mpe konzi ya pumba au ya mashudu ya pamba. Siku zikienda, inua ukwato kidogo na uushushe kabla hajaanza kugoma. Kazi hii wanaweza kuifanya vijana wa nyumbani, na ni sehemu ya kumlea mnyama wa kazi. Maksai aliyezoeshwa hivyo atakuokolea kamba, muda na mbavu kwa miaka yote atakayokuvutia plau.

Fimbo haina nafasi katika zoezi hili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na hata bila sheria, ng'ombe aliyepigwa wakati wa kushikwa mguu atakumbuka mara nyingine.

Ukaguzi wenyewe

Andaa maji, brashi ngumu au kipande cha gunia, kisu butu cha kukwangua uchafu, na mwanga wa kutosha. Fuata mpangilio mmoja bila kuubadilisha: mguu wa mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Mpangilio usiobadilika ndio unaozuia kusahau.

Kabla ya kuosha, weka mgongo wa mkono wako juu ya ukwato na juu ya ngozi inayoanza manyoya. Linganisha na mguu wa pili. Ukwato wenye joto kuliko mwenzake una uvimbe ndani. Nusa pia; harufu ya kuoza huja kabla kidonda hakijaonekana vizuri.

Osha, kisha tanua kwato mbili na utazame ngozi ya katikati. Hapo hujificha miiba ya migunga, vipande vya mabua, mawe madogo na kupe wakubwa wenye midomo mirefu. Ngozi iwe kavu, isiyo na ufa, malengelenge wala nyama iliyochomoza. Jicho likatae kuridhika mapema: fungua hadi mwisho kabisa kwa nyuma.

Tazama ukuta. Mikunjo midogo ya mlalo ni ya kawaida kwa ng'ombe aliyepita vipindi vya njaa na shibe, lakini ufa unaoshuka kutoka juu, au ukuta ulioachana na ngozi ya juu, ni jambo la kuandikwa na kufuatiliwa. Tazama urefu wa kwato mbili: zinapaswa kuwa karibu sawa na kugusa ardhi pamoja. Mmoja ukirefuka na kujikunja, unabeba mzigo vibaya na kuvuta viungo vya juu.

Geuza uone unyayo. Kwangua uchafu hadi uone rangi ya ukwato wenyewe. Doa jekundu ni damu iliyovia kwa kugongwa na mawe. Tundu jeusi kwenye mstari mweupe ni njia ya uchafu, na huenda ni mlango wa jipu. Bonyeza unyayo kwa dole gumba, sehemu baada ya sehemu. Unyayo mzima ni mgumu. Ukibonyea chini ya kidole umekuwa mwembamba kupita kiasi, na ng'ombe huyo hafai kutembezwa juu ya changarawe. Akivuta mguu kila unapobonyeza sehemu ileile, umepata mahali penye maumivu.

Mwisho panda na mkono: kiungo cha juu ya ukwato, goti, hadi bega au nyonga. Si kila anayechechemea ana tatizo la ukwato.

Maana ya unachokiona

Ugonjwa wa kwanza kuujua ni kuoza kwato. Huletwa na bakteria wanaoishi kwenye kinyesi na matope, wanaoingia kupitia mchubuko wa ngozi kati ya kwato. Kawaida hushika mguu mmoja. Mguu huvimba pande zote mbili juu ya ukwato, kwato hutanuka, ngozi ya katikati hupasuka, na harufu yake ni mbaya mno. Ukiwahiwa siku ya kwanza au ya pili hupona vizuri. Ukiachwa, maambukizi huingia kwenye kiungo, na kutoka hapo maksai wengi hawarudi shambani.

Wa pili, na wenye hatari kwa kijiji kizima, ni ugonjwa wa miguu na midomo. Hapa tofauti lazima ijulikane na kila mwenye ng'ombe. Kuoza kwato ni kwa ng'ombe mmoja na mguu mmoja. Ugonjwa wa miguu na midomo hushika ng'ombe wengi kwa siku chache, na miguu zaidi ya mmoja. Kuna homa kali, udenda mwingi, midomo inayotoa sauti ya kufyonza, malengelenge kwenye ulimi, ufizi na chuchu, pamoja na vidonda kati ya kwato na kuzunguka juu yake. Kwa hiyo ukimkuta ng'ombe ana kidonda mguuni, fungua na mdomo wake. Kanuni hiyo moja inaweza kuokoa kata nzima.

Ugonjwa huu unaletwa na virusi vya aina kadhaa. Hapa Tanzania zimepatikana O, A, SAT 1 na SAT 2. Nyati hubeba virusi vya kundi la SAT, na wengi wetu tunaoishi kando ya hifadhi tumezoea kuwalaumu. Hata hivyo utafiti wa kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa milipuko mingi husukumwa na ng'ombe kuambukizana wao kwa wao. Maana yake ni kwamba mnada, lambo la pamoja na mifugo inayohamishwa vinahitaji uangalifu wetu kuliko tunavyodhani. Ukishuku, tenga kundi, usilipeleke mnadani, lamboni wala joshoni, na mpe taarifa afisa mifugo siku hiyohiyo. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inatutaka kutoa taarifa. Najua wapo wanaoogopa karantini, lakini anayeficha anawauzia majirani ugonjwa bila wao kujua, na msimu ujao utamrudia yeye. Waulize pia wataalamu kuhusu chanjo. Inatakiwa iendane na aina ya virusi vilivyopo na kurudiwa, kwa kawaida kila baada ya miezi sita.

Chambavu nayo huanza kwa kuchechemea. Dume changa lenye afya nzuri linaamka na homa, paja au bega limevimba, na ukilibonyeza linasikika kama lina hewa chini ya ngozi. Hapo kwato hazina hatia. Mwite mtaalamu kwa saa, si kwa siku, maana wengi hufa haraka. Kinga ni chanjo, ambayo Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huitengeneza Kibaha. Na mnyama akifa ghafla, hasa akitoka damu puani au kwenye haja, asipasuliwe wala asiliwe, kwa kuwa huenda ni kimeta.

Kuna pia homa ya siku chache inayoenezwa na wadudu wanaouma, ambayo humfanya ng'ombe achechemee mguu huu leo na mwingine kesho, kisha akapona. Uvimbe wa maji magotini kwa kundi lenye historia ya kutupa mimba unaweza kuwa dalili ya brusela, na hapo familia ichemshe maziwa bila kukosa, kwani ugonjwa huo unaambukiza binadamu. Na kupe waliojazana kati ya kwato huacha majeraha yanayogeuka majipu. Kuogesha kwa ratiba kunalinda miguu kama kunavyolinda dhidi ya ndigana.

Ya nyumbani na ya mtaalamu

Nyumbani unaweza kuosha kwa maji safi ya chumvi, kung'oa mwiba, kutoa kupe, kupaka dawa ya ayodini kwenye mchubuko, na kumpumzisha ng'ombe mahali pakavu. Pumziko ni tiba. Maksai mwenye mchubuko mdogo akifungwa nira, udongo wa mbuga utaingia kwenye jeraha na kesho utakuwa na kazi nyingine.

Kwa kundi linalopata kuoza kwato mara kwa mara, tumia dimbwi la mrututu lenye nguvu ya asilimia 5, yaani kilo 1 katika lita 20 za maji. Kwato zioshwe kwanza, kwa sababu kinyesi huua nguvu ya dawa. Ng'ombe wasiyanywe maji hayo, na kondoo wawe mbali kabisa. Mrututu ni sumu kali kwao. Mabaki yasimwagwe lamboni wala mtoni.

Usimwagie kidonda oili chafu ya gari, maji ya betri, wala usikichome kwa chuma cha moto. Vitu hivyo huua nyama nzima na kufungia uchafu ndani. Usichonge ukwato kwa panga. Kuchonga kunahitaji kisu cha kwato, koleo na tupa, na mkono unaokata kidogokidogo. Rangi ya waridi ikionekana umefika mwisho. Maksai wa asili anayetembea kila siku mara nyingi hahitaji kuchongwa. Wanaohitaji ni wale waliofungiwa muda mrefu, wazee, na waliopinda kwato kwa ugonjwa wa zamani.

Mwite mtaalamu ukiona alama ya 4 au 5, uvimbe unaopanda juu ya ukwato, usaha, harufu ya kuoza, homa, au jambo lolote ambalo halijapata nafuu ndani ya siku 3. Dawa za sindano kama penisilini na oksitetrasaiklini hufanya kazi vizuri kwa kuoza kwato, lakini kipimo hufuata uzito wa mnyama, dozi humalizwa, na kila chupa ina siku za kusubiri kabla nyama au maziwa hayajatumika. Kununua chupa dukani na kukisia kipimo kunapoteza fedha na kuwazoesha wadudu dawa.

Zizi, njia na shamba

Magonjwa mengi ya kwato yanaanzia mahali ng'ombe anapokanyaga. Zizi la masika lenye matope ya magotini linalainisha kwato na kuchubua ngozi. Jenga kwenye mwinuko, na kama una sehemu ya udongo wa kichanga, ule tunaouita luseni, weka zizi hapo badala ya kwenye mbuga. Zoa samadi kabla ya mvua na kuipeleka shambani. Hamisha mlango wa zizi kila pale panapokuwa dimbwi. Wachache tu wakipata sehemu kavu ya kulala, waanze maksai wa kazi.

Baada ya mavuno, ng'ombe huachiwa mashamba wale mabua. Mabua ya mtama yaliyokatwa kwa mshazari na visiki vya pamba huchoma kama mikuki. Kung'oa na kuchoma masalia ya pamba, ambako tunahimizwa kila mwaka ili kuua wadudu wa zao hilo, kunalinda pia kwato. Kagua miguu ya kundi lote kila baada ya siku za kulisha humo.

Njiani, changarawe na lami husaga nyayo. Anayeswaga ng'ombe kandokando ya barabara ya Lamadi, Bariadi hadi Maswa awapitishe kwenye udongo wa pembeni, awapumzishe, na asiwaunganishe na plau mara tu wanapofika. Na kule nyumbani, okota misumari na vipande vya waya kila baada ya ujenzi.

Daftari na ratiba

Nunua daftari moja kwa ajili ya maksai. Kila ng'ombe apewe ukurasa wenye jina lake, tarehe, alama ya mwendo, na hali ya kwato zake nane. Timu ya maksai wanne ina kwato 32. Ukiwa na mpangilio, hata mtoto wa shule anaweza kuandika huku wewe ukisoma unachokiona. Simu ya mkononi ipige picha ya kila mguu wenye kasoro, kutoka upande uleule na kwa umbali uleule. Ukimwita afisa mifugo, mkabidhi daftari na picha hizo. Ataamua kwa ushahidi, na huenda ukamwonyesha kwa simu hata kabla hajafika.

Mwendo utazamwe kila asubuhi ya kazi, kwa dakika chache. Kwato zioshwe na kutazamwa kila jioni baada ya kulima. Ukaguzi kamili wa kuinua miguu ufanyike mara moja kwa mwezi, na mara mbili kwa mwaka uwe wa makini zaidi: mwezi wa Septemba au Oktoba, ukiwa bado na muda wa kutibu kabla ya mvua, na baada ya kulima kumalizika. Ukaguzi wa Septemba ndio wa maana kuliko wote, kwa kuwa ukwato unahitaji wiki, na mara nyingine miezi, kurudia nguvu yake.

Kama uwezo upo, fundisha dume la akiba. Familia yenye maksai wa ziada haijaribiwi kumfunga nira mgonjwa. Asiye na uwezo huo akubaliane na ndugu au majirani mapema, mwezi wa Septemba huohuo, kwamba maksai wa mmoja wakiugua wengine watamlimia, naye atarudisha kwa siku za kazi. Makubaliano ya namna hiyo yanampa kila mmoja ujasiri wa kumpumzisha ng'ombe anayeumwa.

Maksai hulima shamba la pamba, huvuta mkokoteni wa maji na kuni, hubeba mavuno hadi kwenye ghala la ushirika, na mara nyingi hulipa ada ya shule. Kazi hiyo yote inasimama juu ya kwato nane. Ikiwa unasoma haya kabla ya mvua, anza kesho alfajiri na maksai mkubwa kuliko wote katika timu yako, kwa sababu huyo ndiye anayebeba uzito zaidi na ndiye utakayemkosa zaidi. Ikiwa mvua tayari zimeanza, anza leo jioni, ukishamfungua nira.